Kuondoa Faili Zito katika Historia ya Git

Mtu akitoa amri ya kuongeza kila kilichomo ndani ya folda yake bila ya kukagua kwanza, si ajabu akaingiza, pamoja na kurasa zake chache za msimbo, nakala nzima ya hifadhidata ya megabaiti 240 aliyoiweka pale kwa muda tu. Na kwa kuwa Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, haina desturi ya kumhoji mtu, komiti, yaani hatua moja ya kazi iliyohifadhiwa, hupita salama, kazi huendelea, na komiti nyingine kadha wa kadha hujengwa juu ya ile moja. Habari hujulikana siku ya kuipeleka kazi GitHub, ambako faili linalozidi megabaiti 100 hukataliwa na lile linalozidi 50 huonywa. Mtu yule hulifuta faili, hufanya komiti mpya yenye kueleza kwamba limefutwa, hupeleka tena, na seva humkatalia kwa maneno yale yale. Folda haina faili, kompyuta haimwonyeshi faili, ilhali seva yashikilia kwamba faili lipo. Na seva ndiyo yenye haki.

Git iliasisiwa na Linus Torvalds mwezi wa Aprili 2005, baada ya wajenzi wa kerneli ya Linux kuondolewa ruhusa ya kuitumia bure programu ya BitKeeper, na miongoni mwa mambo aliyoyashikilia tangu awali ni kwamba kilichowekwa amana ndani yake kisiweze kubadilika pasipo kujulikana. Ili kulitimiza hilo, kila kitu kinachohifadhiwa hupewa jina linalotokana na yaliyomo yake: aina, ukubwa na maudhui hupitishwa katika hesabu ya SHA-1, na matokeo yake huwa heshi ya herufi na tarakimu 40. Maudhui ya faili huitwa blobu. Orodha ya majina ya mafaili pamoja na heshi za blobu zao huitwa mti. Na juu ya mti hukaa komiti. Ukiifungua komiti kwa amri ya git cat-file -p utastaajabia ufupi wake: mstari wa heshi ya mti, mstari wa heshi ya komiti mzazi, mstari wa mwandishi na saa yake, mstari wa aliyeihifadhi na saa yake, mstari mtupu, kisha ujumbe. Na heshi ya komiti yenyewe hupatikana kwa kuyahesabu maandishi hayo hayo, ukiwamo ule mstari wa mzazi.

Katika mstari wa mzazi ndimo ilimo siri yote. Komiti humtaja mzazi, mzazi humtaja babu, na silsila hiyo huendelea bila ya kukatika hadi komiti ya kwanza kabisa, kama nasaba ambayo mjukuu hawezi kulitaja jina lake kamili pasipo kuwataja wote waliomtangulia. Mti wa leo hautaji tena faili lililofutwa leo, lakini mti wa juzi ungali unalitaja, na maadamu komiti ya juzi imo katika nasaba ya komiti ya leo, blobu ile itasafiri pamoja nayo kila iendako. Kinyume chake, ukitaka kulitoa faili katika mti wa juzi, mti huo utabadilika heshi, komiti yake itabadilika heshi, na kila kizazi kilichofuata kitapata jina jipya hata kama hakuna herufi moja ya msimbo wake iliyoguswa. Kwa hakika yake, basi, kusafisha historia ya Git ni kuandika historia ya pili kando ya ile ya kwanza, kisha kuwaomba watu wote waiache ile ya kwanza. Nusu ya awali ya kazi hiyo ni ya mashine na humalizika upesi. Nusu ya pili ni ya watu, nayo ndiyo ninayoiona ikidharauliwa kila mara.

Mtu aweza kuuliza kama kuna haja ya taabu hii, na kama faili lisiachwe lilale huko lilipo. Maandishi ya msimbo hushindiliwa vizuri, kwani Git huyabana na kuhifadhi tofauti tu baina ya toleo na toleo. Lakini video, picha, na mafaili yaliyokwisha kubanwa hayabaniki tena, na kila toleo lake hukaa kwa uzito wake kamili. Anayekloni ripo, yaani kuinakili hazina nzima ya mradi, hupokea historia yote, isipokuwa ameomba kwa makusudi kipande cha juu tu. Kijana wa Lindi au Kigoma anayejiunga na mradi kwa bando la simu atazilipia megabaiti za faili ambalo halimo tena katika kazi, na muunganisho ukimkatikia katikati, aghalabu ataanza upya. Siioni kuwa ni haki kumtoza mtu fedha kwa kosa la haraka lililofanywa na mwingine kabla hajafika.

Ikiwa komiti yenye kosa haijatoka katika kompyuta ya mwenyewe, jambo ni jepesi. Ikiwa ndiyo ya mwisho, faili hutolewa kwa git rm --cached, kisha komiti hutengenezwa upya kwa git commit --amend. Ikiwa zipo nyingine juu yake, mtu aweza kurudi kwa git reset --soft hadi komiti ya mwisho iliyopo kwenye seva, kazi yake yote ikiwa bado salama, akalitoa faili na kuyakusanya yaliyobaki katika komiti moja mpya. Na kama hataki kuupoteza mgawanyo wa komiti zake, ataifuata njia ya git rebase -i, ambayo humruhusu kusimama kwenye ile komiti moja tu na kuirekebisha.

Uzito wa mambo huanza pale faili lilipokwisha kufika kwa watu: lilikuwa la megabaiti 80 likapita kwa onyo tu, au ripo imo katika seva ya ofisi isiyo na kikomo, na miezi imepita, na matawi yameota. Hapo hatua ya kwanza ni kujua kwa yakini kilichomo. Amri ya git rev-list --objects --all hutoa orodha ya kila kitu kinachofikiwa na historia, na orodha hiyo ikipitishwa katika git cat-file --batch-check='%(objectsize) %(rest)' hupata ukubwa wa kila kimoja, ukaweza kuipanga kuanzia kikubwa. Mwenye programu ya git filter-repo ana njia ya raha zaidi, maana akiiongezea --analyze huandikiwa taarifa ndani ya folda ya .git, mkiwamo orodha ya blobu kwa ukubwa na orodha ya njia zilizokwisha kufutwa. Nawasihi wasomaji waisome taarifa hiyo kwa utulivu, kwa sababu faili linalokumbukwa na watu mara nyingi si peke yake: huenda liliingizwa kwa matoleo matatu, na kila toleo ni blobu mbali, au huenda likawa na jirani, kama vile folda nzima ya maktaba za JavaScript, ambayo hakuna aliyekuwa na habari nayo.

Ama kuhusu vyombo vya kufanyia kazi, vipo vitatu vinavyotajwa sana. Cha kale ni git filter-branch, kilichomo ndani ya Git yenyewe, ambacho huendesha hati za sheli kwa kila komiti moja baada ya nyingine, na kwa ajili hiyo huenda polepole mno katika ripo yenye historia ndefu; fauka ya hayo kina mitego ya kuharibu historia kimya kimya, hata wasimamizi wa Git, tangu toleo la 2.24 la Novemba 2019, wakaweka onyo la kumshauri mtumiaji atafute chombo kingine. Cha pili ni BFG, kilichoandikwa na Roberto Tyley kwa lugha ya Scala, chepesi na chenye kasi, kilichokusudiwa kazi mbili tu: kuondoa mafaili makubwa na kuficha siri. Cha tatu ni git filter-repo cha Elijah Newren, kilichoandikwa kwa Python, ambacho huimimina historia yote kama mkondo mmoja, huichuja ikiwa njiani, na kuiingiza upya upande wa pili; nacho ndicho wasimamizi wa Git wanachokipendekeza katika maelezo yao. Mimi nakifuata hicho, nami sioni udhuru wa mtu kuanza leo na kile cha kale.

Chombo hiki hukataa kufanya kazi mahali pasipokuwa kloni mpya, isipokuwa umekilazimisha, na kukataa huko ni hisani kubwa: kwa kuwa kloni ni mpya, ile nakala ya awali hubaki salama ikiwa mambo yatakwenda mrama. Njia za kukiamuru ni mbili. Ya kwanza ni kusema --strip-blobs-bigger-than 50M, na kila kinachozidi kipimo hicho huondolewa. Ya pili ni kulitaja faili lenyewe, mathalani git filter-repo --invert-paths --path data/nakala.sql. Naipendelea ya pili, kwa sababu kipimo hakibagui: kitaiondoa nakala ya hifadhidata, na kitaiondoa vilevile video ya mafunzo ambayo programu ingali inaihitaji leo, kwani filter-repo, tofauti na BFG, haiisamehi komiti ya mwisho. Lakini anayetaja njia hana budi kukumbuka kwamba faili lililowahi kuhamishwa au kubadilishwa jina litabaki chini ya jina lake la kwanza, mpaka nalo litajwe.

Kazi ikiisha, utaona mambo kadhaa ambayo yasipojulikana huleta hofu. Anwani ya seva, iitwayo origin, imeondolewa, ili mtu asipeleke historia mpya kwa pupa. Komiti ambazo hazikuwa na kitu ila faili lile zimetoweka. Heshi za zamani zilizotajwa ndani ya ujumbe wa komiti zimebadilishwa kuwa mpya, jambo la uangalifu wa kupendeza. Lakini zile zilizotajwa nje ya ripo, katika barua na katika orodha za hitilafu, zimebaki kama zilivyokuwa, na kwa ajili yake faili la commit-map, lenye kila heshi ya zamani na mrithi wake, lapasa kuhifadhiwa. Sahihi za kidijitali za komiti zilizobadilika nazo zimekwenda, maana zilishuhudia maandishi ambayo hayapo tena. Komiti zilizotangulia kuingia kwa faili, kwa upande mwingine, kwa kawaida hubaki na heshi zile zile.

Watumiaji wa BFG hupatwa na mshangao mwingine: baada ya kazi yote, folda ya .git haijapungua hata kidogo. Sababu ni kwamba Git huweka kumbukumbu ya nyendo za matawi, reflog, ambayo kwa kawaida hudumu siku 90, au siku 30 kwa komiti zisizofikiwa tena na tawi, na hata baada ya hapo vitu vilivyoachwa havifutwi mpaka vitimize wiki mbili. Anayetaka kuyaona matokeo papo hapo huiambia reflog ikome kwa git reflog expire --expire=now --all, kisha huendesha git gc --prune=now. Filter-repo huyatenda hayo yenyewe. Ukubwa mpya husomwa kwa git count-objects -vH, kwenye mstari wa size-pack.

Ikiwa faili lahitajika kweli, kuna Git LFS, iliyotangazwa na GitHub mwaka 2015, ambayo huweka ndani ya ripo maandishi madogo ya mistari mitatu tu, yaani toleo, heshi ya SHA-256 na ukubwa, na kulihifadhi faili lenyewe mahali pengine. Na amri ya git lfs migrate import huweza kuyahamisha hata yaliyokwisha kuingia, kwa gharama ile ile ya kubadilisha heshi.

Sasa tuje kwa watu. Historia mpya hupelekwa kwa nguvu, kwa --force, baada ya ulinzi wa matawi kulegezwa, na kabla ya hapo kila mwenzi awe amekwisha kupeleka kazi aliyonayo na kuambiwa siku na saa. Baada ya hapo kila mmoja aifute nakala yake na kukloni upya. Sharti hili huonekana zito, na wapo wanaoliruka. Lakini tazama yanayotokea. Ndugu mmoja ana kloni ya zamani, anafanya git pull --no-rebase kama ilivyo ada yake, na Git, ikiona historia mbili zilizoachana kutoka kwa babu mmoja, humsaidia kuziunganisha. Anapeleka. Kwa tendo hilo moja la nia njema historia yote ya zamani imerudi kwenye seva, faili likiwamo, na kila komiti iliyobadilishwa sasa yaonekana mara mbili. Kazi yote ni ya kuanza tena, na mara hii katika ripo iliyovurugika.

Seva nayo ina kumbukumbu zake. GitHub huhifadhi komiti za maombi ya kuunganisha katika marejeo yaliyo chini ya refs/pull, ambayo mtumiaji hawezi kuyabadilisha, na komiti ya zamani huweza kufunguliwa kwa heshi yake hata baada ya matawi kuiacha. Kuifuta kabisa ni kuwaandikia wahudumu wao. Foku, yaani nakala za ripo zilizochukuliwa na watu wengine, hubaki na vyote. Kwa hiyo, ikiwa ndani ya faili mlikuwa na nenosiri au ufunguo wa huduma, na ubadilishwe kabla ya amri yoyote ya kusafisha, na uhesabiwe kuwa umekwisha kusomwa.

Mwenye seva yake mwenyewe ana kinga moja zaidi. Aweza kuweka hati ya pre-receive, inayokagua kila kinachotaka kuingia, na kuiamuru ikatae historia yoyote iliyobeba komiti ile ya kwanza yenye faili, kwa heshi yake ya zamani iliyoandikwa katika commit-map. Aliyesahau kukloni upya atakataliwa kabla hajaharibu kitu, na ujumbe wa kukataliwa waweza kumweleza kwa Kiswahili kwamba nakala yake ni ya zamani na afanye nini.