Adhabu ya joki aliyezidisha viboko

Kanuni ya mjeledi katika mbio za farasi hupambana na kosa ambalo humlipa mkosaji papo hapo. Joki anayemchapa farasi kupita idadi inayoruhusiwa katika mita 200 za mwisho anaweza kushinda kwa tofauti ya kichwa tu, na ushindi huo humpa asilimia ya zawadi, humjengea jina mkufunzi, na humpa mmiliki wa farasi fungu kubwa kuliko wote. Adhabu huja nyuma ya fedha. Ndiyo maana ukali wa adhabu haukuwahi kutosha peke yake: ilibidi kwanza ijulikane inamwangukia nani. Uingereza, ambako kanuni nyingi za mbio hizi zilizaliwa, ilichukua zaidi ya miaka kumi kulipata jibu.

Mjeledi wenyewe ni fimbo fupi, isiyozidi sentimita 70, iliyovikwa sponji. Farasi huchapwa kwenye makalio. Ni kosa kumpiga ubavuni, kuinua mkono juu ya bega, kuongeza pigo kabla hajapata nafasi ya kuitikia lililotangulia, kumchapa aliyekwisha kushindwa au anayeongoza bila mpinzani, na kumchapa baada ya kuvuka mstari. Kumgusa begani huku mikono yote miwili ikiwa bado imeshika hatamu hakuhesabiwi. Mkono ukiachia hatamu, pigo linaingia kwenye hesabu. Mkanda wa video ndio unaoamua, kwa kuwa jicho la kawaida haliwezi kufuata farasi kumi na wawili wanaokimbia kwa kasi ya zaidi ya kilomita 55 kwa saa.

Aprili 2011, Ballabriggs alishinda Grand National. Joki wake, Jason Maguire, alisimamishwa siku tano kwa jinsi alivyotumia mjeledi, lakini ushindi ulibaki, na zawadi pia. Watazamaji walikasirika, na walikuwa na haki. Oktoba 10 mwaka huohuo mamlaka ya mbio ya Uingereza ikaanza kutumia kanuni mpya: viboko 7 katika mbio za tambarare, 8 katika mbio za kuruka viunzi, na visizidi 5 katika mita 200 za mwisho au baada ya kiunzi cha mwisho. Joki aliyekosa sana alipoteza ujira wake wa kupanda na asilimia yake ya zawadi.

Siku tatu baadaye Richard Hughes, mmoja wa majoki wakubwa wa nchi, alirudisha leseni yake baada ya kusimamishwa mara mbili ndani ya wiki hiyo. Oktoba 15, huko Ascot, Mbelgiji Christophe Soumillon alishinda Champion Stakes kwa farasi Cirrus des Aigles. Alikuwa amechapa mara 6 katika kipande cha mwisho, yaani pigo moja la ziada, akasimamishwa siku tano na kuamriwa kupoteza zaidi ya pauni 50,000. Katika wiki ya pili ya kanuni hizo mamlaka ilikiondoa kikomo cha mita 200 za mwisho, na mwanzoni mwa 2012 idadi ya 7 na 8 ikageuzwa kuwa kengele ya kuwaita wasimamizi waangalie kisa, badala ya kuwa kosa lenyewe.

Majoki walilalamika kuwa adhabu haikulingana na kosa, na kwa kosa la pigo moja walikuwa sahihi. Kasoro kubwa zaidi haikupigiwa kelele. Fedha zilikatwa mfukoni mwa joki peke yake, huku mmiliki wa Cirrus des Aigles akiondoka Ascot na zawadi kamili na kikombe. Joki huajiriwa mbio kwa mbio, na anayeweka mjeledi chini akashindwa huenda asiitwe tena na mmiliki yuleyule. Kanuni ilimweka mtu huyo katikati ya wasimamizi na mwajiri, nayo haikumgusa mwajiri hata kidogo.

Pengo hilo lilizibwa mwaka 2023. Jopo lililotoa mapendekezo mwaka uliotangulia lilitaka mjeledi utumike kwa kurudisha mkono nyuma tu, majoki wakapinga, na Januari 2023 yakafikiwa makubaliano ya nipe nikupe: sharti hilo liliachwa, na kwa kubadilishana idadi ikashushwa hadi 6 kwenye tambarare na 7 kwenye viunzi. Lililo la maana zaidi ni kwamba joki akizidisha viboko vinne au zaidi, farasi anaenguliwa na zawadi yote inapotea. Februari mwaka huo Lunar Discovery, aliyeshinda huko Carlisle akipandwa na Charlotte Jones, akawa farasi wa kwanza kuenguliwa kwa kanuni hiyo. Sasa mmiliki ana sababu yake mwenyewe ya kumwambia joki ahesabu viboko, na mkufunzi vilevile.

Wasimamizi wa kila uwanja pia waliondolewa mzigo wa kuamua. Kamati moja, yenye majoki wastaafu ndani yake, hupitia mikanda ya mbio za nchi nzima na kutoa maamuzi siku kadhaa baadaye. Hapo kosa la mji mmoja hupimwa kwa mizani ileile ya mji mwingine. Lakini kuna gharama: waliobeti wameshalipwa siku ya mbio, kwa hiyo aliyemwekea fedha farasi wa pili hafaidiki lolote mshindi anapoenguliwa. Hiyo ni dhuluma ndogo ambayo mfumo umechagua kuishi nayo.

Marekani ilifika mahali karibu na hapo kabla ya Uingereza. Mamlaka yake ya kitaifa ilianza kazi Julai 1, 2022 kwa kikomo cha viboko 6, na kuzidisha vinne hupoteza fedha za zawadi. Ufaransa iliendelea kupunguza idadi yenyewe hadi 4 mwaka 2023. Norway ilianza kuubana mjeledi mwaka 1982 na baadaye ikauondoa mikononi mwa majoki katika mbio nyingi.

Msimamo wa Norway ulikuja kuungwa mkono na sayansi. Mwaka 2011 David Evans na Paul McGreevy wa Chuo Kikuu cha Sydney walionyesha kuwa farasi huchapwa zaidi wakiwa wamechoka na kasi inashuka, na viboko haviwaongezei kasi. Uchunguzi wa ngozi uliochapishwa 2020 haukuona tofauti ya maana kati ya binadamu na farasi katika wingi wa ncha za neva kwenye tabaka la juu la ngozi.

Katika mbio za ngamia za Ghuba swali la nani aadhibiwe lilijibiwa na mashine. Umoja wa Falme za Kiarabu ulipiga marufuku watoto wapandaji mwaka 2005, na nafasi yao ikachukuliwa na roboti ndogo zenye mjeledi unaozungushwa kwa mota. Mwenye ngamia au mtu wake hufuata kwa gari kando ya njia akibonyeza kitufe cha redio. Hapo mkono unaochapa na mfuko unaopokea zawadi viko upande mmoja, wala hakuna mwajiriwa wa kutupiwa lawama.

Kwa Afrika Mashariki jambo hili linahusu hasa Nairobi, ambako Jockey Club of Kenya huendesha mbio katika uwanja wa Ngong uliofunguliwa 1954, kwa mtindo wa usimamizi uliorithiwa kutoka Uingereza. Nchi yenye uwanja mmoja haihitaji kamati ya kitaifa ya kila wiki, wala kamera nyingi za gharama. Kuhesabu viboko kwenye mkanda mmoja ulio wazi, na kuengua farasi idadi ikizidi kiwango kilichotangazwa mapema, ni kazi inayowezekana jioni ileile ya mbio, kabla zawadi haijakabidhiwa.