Goitein na Barua za Fustat: Mpaka kati ya Waraka na Fasihi

Jina la Shelomo Dov Goitein (1900–1985) hutajwa na wanahistoria zaidi kuliko wahakiki wa fasihi. Makala haya yanashikilia kwamba hilo ni kosa la wahakiki, ingawa Goitein mwenyewe hawezi kuepuka sehemu yake ya lawama.

Alizaliwa Burgkunstadt, Ujerumani, akasomea Kiarabu na taaluma ya Uislamu Frankfurt, kisha mwaka 1923 akahamia Palestina. Mnamo 1927 alichapisha Pulcellina, tamthilia ya Kiebrania kuhusu mauaji ya Wayahudi wa Blois, Ufaransa, mwaka 1171. Mwaka 1934 ikafuata Jemenica, mkusanyiko wa methali na misemo ya Yemen ya kati. Kwa hiyo mtu huyu alianza kama mtunzi na msikilizaji wa lugha inayosemwa.

Kazi iliyompa sifa ni ile ya Geniza, chumba cha sinagogi la Ben Ezra huko Fustat, Misri, ambamo karatasi kuukuu zilihifadhiwa kwa kuchelea kulitupa jina la Mungu. Nyingi za barua alizozisoma ni za Kiarabu kilichoandikwa kwa hati za Kiebrania. Msomaji wa tenzi zetu hatashangaa: nasi tuliandika lugha yetu kwa hati za Kiarabu karne kadhaa. Juzuu tano za A Mediterranean Society (1967–1988), ya mwisho ikitoka baada ya kifo chake, zilijengwa juu ya barua na hati hizo.

Hapa ndipo penye mgogoro. Goitein aliitenga sehemu ya "nyaraka" na sehemu ya "fasihi", akachagua ya kwanza. Tumchukue Abraham Ben Yiju, mfanyabiashara wa Mahdiyya aliyeishi miaka mingi India. Mwaka 1149, akiwa Aden, aliwaandikia nduguze baada ya Wafaranki kuiteka pwani ya kwao: amefika salama, mali ipo ya kuwatosha wote, na binti yake yu tayari kuolewa na mwana wa nduguye. Mwanahistoria ataona humo desturi ya ndoa na mwendo wa mtaji. Ni kweli. Lakini mpangilio wenyewe, yaani habari ya usalama kwanza, mali kisha, na mtoto mwisho, ni ufundi wa mtu anayebembeleza ukoo uliotawanyika. Isitoshe, Ben Yiju alikuwa pia mshairi. Anayemgawa mara mbili humpoteza.

Mwaka 1892 C. G. Büttner alichapisha barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Niliwahi kuwapa wanafunzi wa uzamili baadhi yake. Swali lao la kwanza lilikuwa iwapo barua zinatahiniwa. La pili, zimo katika utanzu gani. Hili la pili lilituchukua saa mbili, na hatukulimaliza.