Kumtembeza Mgonjwa wa Ekmo

Mtu ambaye mapafu yake yameshindwa kabisa akawekwa kwenye mashine ya ekmo, damu yake hutolewa mwilini lita nne au tano kila dakika, ikapitishwa kwenye pafu bandia, ikaondolewa hewa chafu na kutiwa oksijeni, kisha ikarudishwa. Damu inayotoka imepiga weusi. Inayorudi ni nyekundu ya kung'aa. Mpira unaopitisha damu hiyo ukichomoka, uhai wake ni wa dakika chache. Mtu huyo huyo ndiye wataalamu wa tiba ya viungo wanayemkalisha, wanayemsimamisha na kumtembeza wodini.

Zamani alilazwa chali, amepigwa dawa ya usingizi, hata asijue kumekucha. Ilionekana ni kumhurumia. Kumbe mwili unaliwa: utafiti wa Uingereza wa mwaka 2013 ulipima mapaja ya wagonjwa mahututi na kukuta msuli wa mbele umepungua karibu asilimia 18 kwa siku kumi tu. Kwa anayesubiri kupandikizwa mapafu hilo ni jambo la kufa na kupona, maana akidhoofika kupita kiasi madaktari huona hataweza kuhimili upasuaji.

Kilichofungua njia ya kuwatembeza wagonjwa ni mpira wenye matundu mawili unaoingizwa kwenye mshipa wa shingoni, mapaja yakabaki huru. Hospitali za vyuo vikuu vya Duke na Columbia, huko Marekani, zikawa miongoni mwa zilizothubutu. Mwaka 2014 Columbia waliandika habari za wagonjwa 100 wa ekmo: 35 walifanya mazoezi, na 18 kati yao walitembea.

Ila ufundi wenyewe hauko kwenye mpira. Uko kwenye maandalizi yanayotangulia hatua ya kwanza. Nyuzi zilizoshona mpira shingoni zinakaguliwa moja moja, kisha mpira unafungwa kwa utepe kuzunguka kichwa, ili mgonjwa akigeuka usivutike. Mwendesha mashine anaongeza hewa inayopita kwenye pafu bandia kabla mgonjwa hajainuka, kwa sababu misuli ikianza kazi itazalisha hewa chafu zaidi, na mapafu yake hayana uwezo wa kuitoa. Anakalishwa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia. Hapo watu wote wanatulia. Mtaalamu anatazama uso, anatazama presha, anaitazama mipira: ikianza kutetemeka, huenda damu inayofika kwenye mashine haitoshi. Basi anasubiri. Pengine leo ni kukaa tu, na hiyo ni kazi kamili.

Siku ya kusimama inapofika, mmoja yuko mbele akimshika, muuguzi yuko ubavuni, mwingine ameibeba mipira isilegee wala isikaze, mwingine anaisukuma mashine, na nyuma kuna kiti cha magurudumu kinachofuata hatua kwa hatua. Anayeamuru ni mmoja, na sauti yake ni ya chini. Anamuuliza mgonjwa: pumzi ikoje, kati ya sifuri na kumi? Jibu hilo lina uzito sawa na tarakimu za kwenye skrini. Nawavulia kofia hasa hapa, kwamba katikati ya mitambo yote hiyo bado wanamuuliza mwenye mwili.

Mwaka 2022 ulitoka utafiti mkubwa wa TEAM, wagonjwa 750 wa mashine za kupumulia, ukaonyesha kwamba kuwazidishia mazoezi kuliko kawaida hakukuwasaidia zaidi, na madhara yaliongezeka. Wapo walioona ni hukumu dhidi ya mazoezi. Sikubaliani nao, maana hata wagonjwa wa kundi la kulinganishia walikuwa wakifanyishwa mazoezi. Ninachokiona mimi ni kwamba kipimo ndicho kazi yenyewe, na kipimo hakipatikani kwa pupa.

Hospitali nyingi za kwetu hazina ekmo. Mgonjwa aliyelazwa wiki nzima kwenye mashine ya kupumulia tunaye, na paja lake linaisha vilevile. Ndugu msomaji, ukiwa na mtu wako ICU, usijaribu kumwinua mwenyewe. Mwulize daktari swali moja: mtaalamu wa tiba ya viungo ameshamwona?