Nyumba ya Kupanga Yenye Bwawa la Kuogelea katika Ukambani

Mtu atafutaye nyumba ya kupanga yenye bwawa la kuogelea katika Kitui au Makueni, nchi ambayo mito yake mingi huwa mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na ambayo akina mama wake hufukua visima katika mchanga huo ili wajaze mitungi, aghalabu huanza kwa kutazama picha za vigae na miavuli. Hapo ndipo anapopotea, kwa maana sharti aanze na maji, ajue yatokako na ni nani wengine wayategemeao, kabla ya kuuliza habari za vyumba na kodi.

Mfano ulio bora kupita yote niijuayo ni Umani Springs, nyumba ya vyumba vitano iliyomo katika msitu wa Kibwezi, Makueni, ambao taasisi ya Sheldrick ya kuhifadhi wanyamapori huutunza kwa ushirikiano na Huduma ya Misitu ya Kenya. Hupangishwa yote kwa kundi moja, wageni wakija na vyakula vyao, na bwawa likiwa lao peke yao. Siri ya mahali pale iko mbali na nyumba yenyewe, katika vilima vya Chyulu, ambavyo ni vya majivu na mawe ya volkano changa mno, hata mvua inyeshayo juu yake hailishi mto wowote, bali huzama ardhini, ikatembea chini kwa chini katika nyufa za miamba, kisha ikatokea chini ya vilima kwa sura ya chemchemi: Mzima, ambayo maji yake hufika Mombasa kwa mabomba, na Umani. Nyumba ile, basi, ilijengwa penye maji ya kudumu na kivuli cha miti mikubwa.

Upande wa Kitui mambo ni mengine. Taasisi hiyohiyo hupangisha kambi zenye mabwawa huko Ithumba, kaskazini mwa Tsavo Mashariki, lakini huko kusini mwa Kitui hakuna vilima kama Chyulu. Kuna mito ya msimu kama Tiva, na visima virefu ambavyo vingi vyao vina chumvi. Mpangaji na azingatie jambo hili: jua huchukua maji na kuiacha chumvi, kwa hiyo kila bwawa linapoongezwa maji ya kisima, chumvi huzidi, vigae vikafanya ukoko mweupe, na mwishowe sehemu ya maji hulazimika kumwagwa.

Tupige hesabu. Bwawa la mita 10 kwa 5, lenye kina cha wastani cha mita moja na nusu, huchukua lita 75,000. Jua la Ukambani likila milimita 6 kwa siku, hupotea lita 300, yaani mitungi 15 ya lita 20, na kwa mwezi lita 9,000, karibu boza zima dogo. Kulifunika bwawa usiku na wakati lisipotumika hupunguza sana hasara hiyo.

Kisha kuna kuvuja, ambako mwenye nyumba huenda asikutaje. Jaza ndoo maji ya bwawa, uiweke juu ya ngazi ya ndani, ukingo wake ukiwa nje ya maji. Tia alama ya kina ndani ya ndoo na nje yake, uzime pampu, ungoje siku moja. Jua hula pote kwa kiasi kimoja, hivyo maji ya nje yakishuka kuliko ya ndani, ukuta au bomba linavuja, na mkataba usitiwe sahihi kabla ya kukarabatiwa.

Jambo lililo zito kwangu ni la majirani. Kisima kijazacho bwawa kikiwa ndicho kilishacho kibanda cha maji cha kijiji, nyumba hiyo naiona haifai kupangwa, hata kodi yake ikiwa rahisi. Iliyo na paa kubwa na matangi yake ni bora: paa la mita za mraba 200, vuli ikileta milimita 300, laweza kuvuna kiasi cha lita 48,000 hata baada ya kupotea sehemu moja katika tano. Na kwa kuwa katika Ukambani vuli ya Oktoba hadi Desemba ndiyo mvua ya kutegemewa zaidi, nyumba na ikaguliwe Septemba, kiangazi kikiwa kimekomaa, ambapo tangi lililo tupu na kisima kilichopungua havifichiki.