Uzio Uliomtenga Sisimizi na Tembo

Januari 2024 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Douglas Kamaru, Mkenya aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani. Habari iliyovuma ni kwamba sisimizi amemharibia simba mawindo yake. Ni kweli, lakini kinachostahili kutazamwa kwa makini ni jinsi jambo hilo lilivyothibitishwa, kwani kati ya sisimizi na simba kuna hatua nyingi, na mtafiti angeweza kupotea katika yoyote kati ya hizo.

Mahali ni hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, Kenya. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi huko, mti uliotawala ni mgunga wenye miiba iliyovimba chini kama vinundu. Sisimizi wa asili hukaa ndani ya vinundu hivyo na kunywa utamu unaotolewa na majani. Tembo akiukaribia mti, humvamia kwa wingi na kumng'ata ndani ya mkonga, naye huondoka. Kisha akaja mgeni, sisimizi mwenye kichwa kikubwa. Huyu hujenga ardhini, huwaua wenyeji, hula mayai na watoto wao, wala hautetei mti. Utafiti wa awali ulikwisha kuonyesha kuwa alikofika, tembo huvunja miti mara 5 hadi 7 zaidi.

Hapo mtu mwenye haraka angelinganisha eneo lililovamiwa na lisilovamiwa, akaona miti imepungua, akatoa hukumu. Lakini je, ni sisimizi mwenyewe anayeua miti, au ni tembo? Na kama maeneo hayo yalitofautiana tangu zamani? Watafiti waliweka viwanja pande zote mbili, vingine wakavizungushia uzio wa kuwazuia wanyama wakubwa, vingine wakaviacha wazi. Kwa hiyo walipata hali nne: mgeni pamoja na tembo, mgeni bila tembo, tembo bila mgeni, na kusiko na yeyote. Mbuga ilikuwa wazi zaidi pale tu mgeni na tembo walipokutana. Macho yaliweza kuona mbali takriban mara 2.67 zaidi. Kwangu, huu ndio uti wa mgongo wa kazi nzima. Bila uzio ule, yote yaliyofuata yangekuwa dhana.

Baada ya hapo walifuatilia simba jike waliovalishwa kola za GPS na kukagua mizoga. Simba huvizia, hivyo anahitaji kichaka cha kujificha. Pundamilia waliuawa mara 2.87 zaidi kusikovamiwa. Wingi wa pundamilia na nyendo za simba navyo vilipimwa, ili isije ikawa mawindo yalihama tu. Uwazi wa mbuga ukabaki kuwa sababu yenye nguvu.

Hatua ya mwisho, ya simba kubadili mawindo, ndiyo yenye ushahidi dhaifu kuliko zote. Mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 42, na nyati, ambao mwanzoni hawakuwamo, walifikia asilimia 42. Idadi ya simba haikushuka. Hata hivyo, hizi ni kumbukumbu za miaka, si jaribio lenye uzio, na ndiyo maana waandishi wenyewe walisema tu kwamba huenda simba walinusurika kwa kugeukia nyati. Naliheshimu sana neno hilo “huenda”.

Walimu wa baiolojia, ichukueni kazi hii darasani. Vitabu vyetu huchora mishale kati ya mlaji na anayeliwa pekee. Hapa sisimizi hamli pundamilia wala simba, lakini amebadili nani anakufa wapi. Wapeni wanafunzi hali nne zile kabla ya kuwaambia matokeo, kisha waulizeni ni kiwanja kipi kikiondolewa, hoja nzima inaanguka.