Chumvi ya Mama Jan-di: Namna ya Kupima Sizoni ya Kikorea Iliyotafsiriwa

Ukitaka kujua kama sizoni ya Kikorea imetafsiriwa vizuri, usiijaribu kwa sehemu ya kwanza. Kila DJ, yaani msimulizi anayetafsiri kwa sauti yake, hujituma kwenye sehemu ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayouza. Muombe mwenye duka akufungulie ya saba au ya nane, pale ambapo koo limeshachoka na kazi bado ni ndefu. Kwa Boys Over Flowers mimi huomba tukio la chumvi moja kwa moja.

Wanaoijua tamthilia hii wanalikumbuka. Mwenyekiti Kang Hee-soo, mama yake Jun-pyo, bibi wa kampuni kubwa ya Shinhwa, anaingia kwenye nyumba ya madobi na kutoa pesa ili binti yao Jan-di aachane na mwanawe. Mama Jan-di anachukua chumvi na kummwagia tajiri yule kichwani. Kwa Wakorea chumvi humwagwa kufukuza mkosi, lakini hakuna mhusika anayekaa chini kulieleza hilo, kwa sababu kwao kila mtu analijua. Mtafsiri mvivu atasema "Toka hapa!" na mtazamaji wa Igoma jijini Mwanza atabaki akijiuliza chumvi imekosa nini. Mtafsiri mwenye maneno mengi atasimamisha hadithi atoe somo la mila za Korea huku picha ikimkimbia. Aliyeiva hutia maelezo ndani ya kinywa cha mama mwenyewe: "Toka na mkosi wako!" Maneno manne tu, na kibanda kizima cha video kimeelewa.

Naitumia tamthilia hii kama kipimo kwa sababu ina kila kitu kinachomsumbua mtafsiri: matusi ya matajiri, vichekesho, machozi na ukimya mrefu. Tena ni hadithi iliyokwisha kusafiri. Yoko Kamio alianza kuichora kama kitabu cha picha Japani mwaka 1992 katika jarida la Margaret. Taiwan wakaigeuza tamthilia mwaka 2001, Wajapani wenyewe mwaka 2005, na KBS2 ya Korea ikaionyesha kuanzia tarehe 5 Januari hadi 31 Machi 2009, sehemu 25. Kila nchi iliivalisha nguo zake. Anayeileta Mwanza naye ana haki hiyo, mradi nguo zimkae mwenye hadithi.

Na huku ziwani kazi hii ina uzito wake. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauvuti dagaa, basi kambi hupumzika na vibanda vya video hujaa. Kwenye visiwa vya Ukerewe utawakuta Mkerewe, Mjita, Msukuma, Mluo na Mhaya kwenye benchi moja, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha hayawafikii wengi wao. Ng'ambo ya ziwa, Kampala, vijei kama VJ Jingo wamefanya kazi ya namna hii kwa Kiganda. Kwetu Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, ni miongoni mwa waliofungua njia jijini Dar es Salaam. Hawa walisimulia upya. Kwa hiyo tumpime DJ kama tunavyompima msimulizi, na tusiridhike na kusikia kwamba anajua Kiingereza.

Kipimo kikubwa kuliko vyote ni heshima. Kikorea kina ngazi za kusema: mdogo hasemi na mkubwa kama anavyosema na rafiki yake, na mtazamaji wa Kikorea hujua nani kamdharau nani hata kabla tusi halijatoka. Kiingereza cha maandishi huzifuta ngazi zote hizo. Kiswahili kinaweza kuzirudisha, na hapa ndipo mtafsiri wetu anapoweza kuwashinda waliotafsiri kabla yake. Jan-di anapoinama mbele ya Mwenyekiti Kang, mtafsiri bora humpa "Shikamoo, mama." Kang hajibu. Hakuna tusi litakalomuumiza mtazamaji wa Kirumba kuliko marahaba iliyonyimwa, na mtafsiri hakuongeza kitu. Ameuonyesha ubaridi uliokuwepo tangu mwanzo. Babu yake Ji-hoo, mvulana wa pili anayempenda Jan-di, naye apewe shikamoo yake, na sauti ya babu iwe ya mtu aliyekaa peke yake muda mrefu.

Msikilize pia Jan-di anavyowaita wavulana wawili. Humwita Ji-hoo kwa neno la heshima la mwanafunzi kwa aliyemtangulia shuleni. Humwita Jun-pyo kwa jina kamili, kwa kufoka. Aliyesoma sekondari ya bweni hapa kwetu atakubali "kaka Ji-hoo" bila shida. Lakini DJ akimpa Jun-pyo naye ukaka, au akiwaita wote wawili "wewe bwana", ameua pembetatu ya mapenzi, maana mtazamaji hasikii tena kwamba mmoja anaheshimiwa kwa mbali na mwingine anagombezwa kwa ukaribu. Sizoni ya namna hiyo mimi nairudisha.

Jun-pyo ana tabia nyingine ambayo wengi huiruka: huchanganya misemo, na rafiki zake humrekebisha. Ni tajiri aliyelelewa na walimu wa kukodi, na bado misemo humponyoka. Ukimsikia akisema kwa majivuno "Asiyesikia la mkuu huvunjika moyo," na rafiki yake Woo-bin akamnong'oneza "guu," ujue una mtafsiri mkononi. Amepoteza maneno ya Kikorea na kuokoa mtu. Ukisikia badala yake "Mwangaluka!" inarushwa katikati ya Seoul ili Wasukuma wacheke, cheka kama wanavyocheka, kisha uangalie itarudi mara ngapi. Mara moja ni kiungo. Ikirudi kila sehemu, DJ ameishiwa.

Baadaye wazazi wa Jan-di wanahamia kijiji cha wavuvi. Hapo watu wa ziwa hatudanganyiki. Anayesema "bandari" kwa mahali ambapo mitumbwi midogo inashusha samaki hajawahi kukaa mwaloni. Kipande hiki ni kifupi, ila kinamuonyesha mtafsiri anayemfahamu msikilizaji wake.

Kuhusu sauti yenyewe, wapo wanaopenda mtindo wa televisheni, kila mhusika na mwigizaji wake, kama ile tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake iliyoonyeshwa TBC mwaka 2011. Ni kazi safi. Kwa mapenzi ya Kikorea, hata hivyo, mimi nachagua sauti moja ya DJ iliyolazwa juu ya sauti za asili, kwa sababu kilio cha Ku Hye-sun, anayemwigiza Jan-di, kinabaki chini yake. DJ anipe maana, naye mwigizaji anipe kilio chake. Kwa hiyo sikiliza mchanganyo: je, unamsikia Mkorea akivuta pumzi? Jan-di anapowaza peke yake, jambo ambalo kwenye kitabu cha picha lilikuwa maandishi kando ya uso, sauti ya DJ ishuke ili tujue hakuna anayemsikia.

Kisha mpime kwa kunyamaza. Jun-pyo anamngoja Jan-di kwenye theluji pale mnara wa Namsan, saa zinapita, na Lee Min-ho, anayemwigiza Jun-pyo, anaigiza kwa mabega na mikono tu. DJ anayetuambia "anasikia baridi, masikini" ametunyang'anya. Anayetaja jina lake na namba ya simu juu ya wimbo hapo hapo, hata kama kwingine ni hodari, simlipi.

Ukiwa na muda, malizia na sehemu ya 25. Jun-pyo amerudi kwa helikopta, anamposa Jan-di ufukweni, na rafiki zake wanajitokeza kupinga kwa utani. Kwa sekunde chache tu DJ mmoja anatakiwa kuwa wanaume wanne na msichana mmoja, baada ya zaidi ya saa ishirini za kusema. Fumba macho. Ukiwatambua wote watano bila kutazama kioo, muulize mwenye duka ana sizoni gani nyingine za DJ huyo, na akuwekee zote kwenye flashi.