Watoto 70 wa Muheza: Dozi Inavyokokotolewa, na Mkokotoaji Anavyofundwa

Mwaka 2010 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya AQUAMAT, jaribio lililowahusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika. Tanzania ilishiriki kupitia hospitali za Korogwe na Teule, Muheza. Miongoni mwa waliochomwa sindano za artesunate, asilimia 8.5 walifariki, kwa waliopewa kwinini ilikuwa asilimia 10.9. Baada ya hapo kwinini ilianza kufungasha virago wodini.

Dozi iliyotumika ilikuwa miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito. Ni ile ile ya jaribio la Asia la mwaka 2005, ambalo wagonjwa wake wengi walikuwa watu wazima. Artesunate ilishinda, na dozi ikapita mgongoni mwake. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo, kwani dawa inayookoa maisha haicheleweshwi kwa sababu ya desimali. Lakini swali lilibaki: mtoto wa kilo nane akichomwa miligramu 2.4 kwa kilo, je, damu yake hupata dawa sawa na ya mtu wa kilo 60?

Jibu lilitoka Muheza. Mwaka 2013 watafiti wa Tanzania na wenzao wa kitengo cha utafiti cha Mahidol-Oxford, Bangkok, walichapisha uchambuzi wa watoto 70 waliolazwa na malaria kali, wa umri wa miezi sita hadi miaka 11. Kila mmoja alitolewa damu mara chache tu. Modeli ya kihisabati ilionyesha kwamba kadiri mtoto alivyokuwa mdogo wa mwili, ndivyo damu yake ilivyopata dawa pungufu, ingawa dozi kwa kilo ilikuwa moja kwa wote. Mwaka 2015 mwongozo wa malaria wa Shirika la Afya Duniani ukabadilika: mtoto wa chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kilo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kasi ya mwili kuondoa dawa hupungua mwili unapokuwa mdogo, lakini haipungui sambamba na kilo. Kwa dawa nyingi hufuata uzito uliopandishwa kwenye kipeo cha 0.75. Mtoto wa kilo 10 ni moja ya saba ya mtu mzima wa kilo 70, yaani asilimia 14. Ipandishe moja ya saba kwenye kipeo hicho, utapata asilimia 23. Kwa hiyo anapewa asilimia 14 ya dawa ya mtu mzima, huku mwili wake ukiiondoa kwa asilimia 23 ya kasi ya mtu mzima. Gawa ya kwanza kwa ya pili: dawa ambayo damu yake inaipata kwa jumla ni takribani asilimia 61 ya ile ya mtu mzima. Kwa kichanga hata kanuni hii haitoshi, kwa sababu ini na figo zake hazijakomaa, na modeli hulazimika kuongezewa kipengele cha umri.

Hayo mwenye kikokotoo cha simu anayamaliza kabla chai haijapoa. Basi kwa nini kumfunda mtaalamu mmoja wa kazi hii huchukua miaka?

Kwa sababu kipeo cha 0.75 ni kanuni ya jumla, na swali ni la watoto hawa, wenye homa hii na tindikali hii katika damu. Jibu linatafutwa kwenye data, na data za wodini hazifanani na za darasani.

Karibu kila mwanafunzi wa fani hii huanzia kwenye data za theofilini, dawa ya pumu. Ni watu 12, kila mmoja kapimwa damu mara 11 katika muda wa saa 25, na mwepesi kuliko wote ana kilo 54.6. Data hizo zimo ndani ya programu huria ya R, kwa hiyo hata mwanafunzi asiye na senti anazipata. Kila mtu ana mchoro kamili: dawa inapanda, inafika kileleni, inashuka. Mwili unachukuliwa kama mtungi unaovuja, na mwanafunzi anakadiria ukubwa wa mtungi na kasi ya kuvuja, mtu mmoja baada ya mwingine. Anajifunza istilahi, anafurahi, anapiga picha mchoro wake wa kwanza.

Naona kozi fupi hukaa mno hapo. Somo lenyewe linaanzia kwenye data za pili, za phenobarbital, dawa ya degedege. Ni watoto wachanga 59 wenye vipimo 155 kwa jumla. Yupo mwenye vipimo sita, na yupo mwenye kimoja tu. Kwa kipimo kimoja huwezi kuchora mteremko, na mbinu ya mtu mmoja mmoja inakufa papo hapo. Mwanafunzi akiachwa ahangaike na data hizo siku mbili kabla ya kuonyeshwa njia, hataisahau.

Njia hiyo ilijengwa na Lewis Sheiner na Stuart Beal wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na programu yao iitwayo NONMEM ilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walilenga data za kawaida za hospitali, zile zinazopatikana mgonjwa anapotibiwa, tofauti na za watu wenye afya waliolipwa kukaa kitandani na kutolewa damu kila saa. Badala ya kumkadiria kila mgonjwa peke yake, modeli inawakadiria wote kwa pamoja. Inatafuta thamani ya mgonjwa wa kawaida, ukubwa wa tofauti kati ya mtu na mtu, na makosa yasiyoelezeka yanayobaki. Mtoto mwenye kipimo kimoja haachwi nje; anachangia alicho nacho, na asichokuwa nacho anaazima kwa wenzake. Ndiyo maana watoto 70 wa Muheza, ambao hakuna daktari mwenye huruma angewatoboa mara 11, waliweza kusema jambo lililosikika Geneva, kwenye Shirika la Afya Duniani.

Njia hii ina masharti. Ukiipa modeli saa isiyo sahihi, haitakuuliza; itakupa jibu lenye desimali tatu. Artesunate hubadilika mwilini ndani ya dakika chache kuwa dihydroartemisinin, nayo nusu yake huondoka katika muda wa saa moja hivi au pungufu. Kwa dawa ya namna hiyo, damu iliyoandikwa saa mbili kamili ilhali ilitolewa saa mbili na dakika ishirini ni kosa kubwa. Muuguzi alikuwa anamshikilia mtoto anayetetemeka kwa degedege, akaandika saa baadaye kwa kukumbuka. Mwanafunzi aliyewahi kukesha wodini anazitilia shaka saa zote zinazoishia na sifuri. Asiyewahi huziamini zote, kisha analaumu modeli.

Bomba la damu nalo lina mambo yake. Artesunate huendelea kuvunjika hata baada ya damu kutolewa, kwa hiyo damu huwekwa kwenye kichupa chenye floridi, ikapozwa kwa barafu na kuzungushwa kwenye mashine yenye baridi. Barafu ikiyeyuka njiani kwenda maabara, namba inashuka, na modeli itadhani mwili wa mtoto ndio ulioiondoa dawa. Halafu kuna vipimo vilivyo chini ya uwezo wa mashine kusoma. Wanaoanza huvifuta au huandika sifuri, na vyote viwili huupotosha mteremko. Beal alieleza mwaka 2001 namna ya kuhesabu uwezekano wa kipimo kuwa chini ya kikomo bila kukibuni. Ni kurasa chache za hesabu, lakini kinachochukua muda ni mwanafunzi kutambua kwamba tatizo hilo analo.

Hatua inayofuata ndiyo inayotofautisha fundi na mwenye kubonyeza vitufe. Modeli ikishakubali, mtu anaiamuru iwabuni wagonjwa elfu moja wa kwenye kompyuta, kisha anaangalia kama vipimo vya kweli vinaangukia mahali modeli ilipotabiri. Mara nyingi katikati panalingana na kingo zinakataa. Wasimamizi wazuri humrudisha mwanafunzi kwenye faili za wagonjwa wa kingoni, mmoja mmoja, amwambie kila aliyekataa ni nani. Pengine ni mtoto aliyeongezewa damu. Pengine ni uzito ulioandikwa kwa kukisia kwa sababu mzani ulikuwa mbovu.

Mwishoni modeli lazima igeuke kuwa jedwali la kubandika ukutani. Artesunate ya sindano huja katika kichupa cha miligramu 60, ambacho kwa sindano ya msuli huyeyushwa na kuwa miligramu 20 kwa mililita. Mtoto wa kilo nane kwa dozi ya 2.4 anahitaji miligramu 19.2, karibu mililita moja. Kwa dozi ya 3 ni miligramu 24, mililita 1.2. Hakuna bomba la sindano wodini litakalopima kiasi kama mililita 1.13. Kwa hiyo watafiti wa Muheza walipendekeza dozi kwa makundi ya uzito, na kila mpaka wa kundi ni mapatano kati ya hesabu na mkono wa muuguzi wa zamu ya usiku. Programu haiwezi kuyafanya mapatano hayo. Anayetoa mafunzo bila kumshikisha mwanafunzi bomba na kichupa ameliruka somo la mwisho.

Ndiyo sababu mahali pa mafunzo pana uzito. Kwa miaka mingi Mwafrika aliyetaka fani hii alikwenda Uppsala, Sweden, kwenye kikundi cha Mats Karlsson, au mbali zaidi. Leo Chuo Kikuu cha Cape Town kina kikundi chake, kilichofanya kazi kubwa kuhusu dozi za kifua kikuu na za Virusi vya Ukimwi, na programu huria kama nlmixr zimempunguzia mwanafunzi gharama ya leseni. Lakini zana kuwa za bure hakuleti msimamizi. Wiki mbili za kozi humfundisha mtu kuendesha modeli ya mwenzake. Kuijenga ya kwake kunahitaji mtu aliye naye karibu, siku modeli inapokataa kufikia jibu na hakuna kitabu kinachosema kwa nini. Nionavyo mimi, fedha zinazowasafirisha watu arobaini kwenda kozi ya siku tano zingefaa zaidi kuwalipa wawili kwa miaka miwili, kwa sharti kwamba kila mmoja aje na data za hospitali yake na daktari anayelihitaji jibu.

Kuna zoezi ningelipenda liwe mtihani wao. Mei 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha artesunate ya sindano kwa miligramu 2.4 kwa kilo, kwa watu wazima na watoto pia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani umebaki na 3 kwa walio chini ya kilo 20. Dawa ni ile ile. Upande mmoja una ushahidi wa vifo vilivyopungua katika AQUAMAT, na vilipungua kwa 2.4. Upande wa pili una viwango vya dawa katika damu, pamoja na hoja kwamba mtoto mdogo asipewe pungufu ya mkubwa wakati yeye ndiye anayekufa zaidi. Modeli ilitabiri dawa iliyomo katika damu, haikuhesabu makaburi. Mwanafunzi apewe data, apewe siku tatu, kisha aandike kurasa mbili kwa daktari wa wodi ya watoto: atumie dozi ipi, na ni kipimo gani cha ziada kingemfanya abadili mawazo.